Ushauri: mashindano ya simu mtaani, wenye kadi za kununua niwazuie?

Kocha_wa_Umoja
Wakubwa kwa wadogo, habari zenu. Huwa naandaa mashindano madogo ya eFootball, gemu ya mpira ya simu, hapa Umoja, Nairobi, kila mwisho wa mwezi. Kiingilio shilingi 200 kwa M-Pesa. Mshindi anabeba asilimia 60, wa pili 30, inayobaki ni ya soda na ya kinyozi anayetuazima banda na Wi-Fi. Kila mtu anakuja na simu yake na akaunti yake.

Zamani tulikuwa tunaelewana. Siku hizi kuna vijana wawili watatu wenye kazi nzuri tao, wananunua koini za gemu na kuzungusha bahati nasibu ya wachezaji hadi kikosi kizima ni Epic na Big Time, zile kadi kali za wachezaji. Wanafunzi wanalalamika kwamba kiingilio chao kimekuwa mchango wa kuwaongezea wenye pesa. Wengine wameacha kuja. Wenye kadi nao wananiuliza, gemu yenyewe imeruhusu, wewe ni nani ukatae? Nifanye nini kabla sijatangaza raundi ijayo?

Bonde_la_Kayole
Waache wacheze bana. Kadi haijipigii pasi. Nimeona mtu na kikosi cha kutisha akitandikwa manne na kijana wa kidato cha tatu, akaanza kulaumu mtandao. Halafu mkumbuke hii gemu ya simu ni ya bure tangu ilipokuwa ikiitwa PES. Mnadhani inaendeshwa na pesa za nani? Ni za hao hao mnaotaka kufukuza.

Hesabu_Ndogo
Kadi haijipigii pasi, lakini inakimbia. Watu wa ustadi sawa wakikutana, beki wa kawaida hamkuti winga aliyeongezewa kasi, hata ubonyeze hadi kioo kipasuke.

Na Kocha, usiangalie pesa peke yake, angalia na bahati. Chukua sanduku la wachezaji 150 ambamo Epic ni watatu. Ukizungusha mara kumi, uwezekano wa kupata hata mmoja ni kama 19 kwa 100. Ukiwa unamtaka yule mmoja unayemlilia, ni 1 kwa 15. Kwa hivyo hata wanaonunua hawako sawa wao kwa wao. Mmoja anapata papo hapo, mwenzake anamaliza mshahara na kubaki na wachezaji wa benchi.

Ndiyo maana Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba masanduku ya namna hii ni kamari, na EA, kampuni ya gemu ya FIFA, wakaacha kuuza FIFA Points, yaani koini za gemu hiyo, huko mwisho wa Januari 2019. Uholanzi nao walitaka kuwatoza EA euro milioni 10, lakini kesi ikaenda hadi juu na Machi 2022 faini ikafutwa. Hata wenye sheria hawajakubaliana, sembuse sisi.

Mama_Tei
Mimi sichezi, nasoma tu kwa sababu ya kijana wangu wa gredi ya saba. Alijua PIN yangu, na pesa ya gesi ikageuka koini. Kocha, ikijulikana kwako kadi ndizo zinazoshinda, watoto watatafuta pesa ya kadi popote. Unapoandika sheria zako, jua zinafika hadi kwa simu zetu.

Kocha_wa_Umoja
Pole sana mama. Upande huo sikuwa nimeutazama. Wengi wa wachezaji wangu ni wa shule kweli.

Fundi_Luthuli
Kocha, ukisema "aliyenunua asicheze" umejifunga mwenyewe. Epic nyingine hutolewa bure kwenye kampeni. Utajuaje ipi ni ya zawadi na ipi ni ya pesa? Utaomba kila mtu taarifa ya M-Pesa? Achana na mfuko wa mtu, tunga sheria ya kinachoingia uwanjani. Gemu inaonyesha nguvu ya kikosi kwa namba. Weka dari, anayezidi apunguze.

Hesabu_Ndogo
Dari peke yake itavuja. Kadi mbili zinaweza kuwa na alama zilezile, lakini ya Epic ikawa na ujuzi maalum ambao ya kawaida haina. Mjanja atajaza vibonde pembeni ili namba ishuke, kisha aweke mshambuliaji mmoja wa moto mbele.

Fundi_Luthuli
Basi ongeza: Epic, Big Time na Show Time zote nje, ziwe za bure au za kununua. Zibaki kadi za kawaida zinazosajiliwa kwa GP, zile pointi za ndani ya gemu, maana GP kila mtu anazipata kwa kucheza.

Winga_wa_Donholm
Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema, na sijaiba. Natoka kazini Industrial Area saa moja, nakwama Jogoo Road, nafika nyumbani nimechoka. Mwanafunzi wa likizo anacheza kutwa na GP zinajaa. Yeye analipa kwa muda, mimi kwa pesa. Mbona wake uwe halali na wangu uwe dhambi? Na mbona hamzungumzii simu? Kuna mtu anakuja na simu ya 120Hz, picha inateleza laini, anacheza na mwenye simu inayokata kila kona. Huo ndio usawa?

Shiru_Namba_Tisa
Winga, anayecheza kutwa anakuwa mchezaji bora. Anayelipa kutwa anabaki vilevile, kikosi chake ndicho kinabadilika. Hapo ndipo tunapotofautiana. Gemu ya risasi ya Fortnite wanauza nguo na madoido, na risasi ya aliyevaa bure inauma sawasawa na ya aliyelipa. Hakuna anayegombana na hilo.

Na hii ya "gemu imeruhusu" isiwatishe. Mwaka 2017 wachezaji waliwaka kuhusu ununuzi wa ndani ya gemu ya Star Wars Battlefront II hadi EA wakazima ununuzi gemu ikiwa karibu kutoka. Kama kampuni kubwa inarudi nyuma, banda la kinyozi haliwezi kuwa na sheria zake?

Ila la simu, Winga amesema kweli. Kwa nini fainali isiwe ya PlayStation (PS)? Unaweka Kick Off, yaani mechi ya kawaida isiyotumia vikosi vya akaunti, timu zinazolingana, padi za aina moja. Virtual Bundesliga, ligi ya gemu ya mpira ya Ujerumani, imewahi kuchezwa kwa modi ambayo kila mchezaji anapewa alama 85, na hakuna aliyesema si mpira.

Bonde_la_Kayole
Fainali ya PS kwa watu waliofuzu na simu? Hiyo ni gemu nyingine kabisa. Kuna watu hawajawahi kushika padi.

Kocha_wa_Umoja
Bonde ana hoja, fainali itabaki ya simu. Raundi ijayo ni hivi: kadi za kawaida tu, vikosi vinakaguliwa mezani kabla ya mechi, na simu mbili za kinyozi ndizo zitatumika kuanzia nusu fainali. Kila mtu aingie na akaunti yake humo. Wenye Epic nitawafungulia meza yao, kiingilio 500, watu wazima tu, wamalizane wenyewe kwa wenyewe. Mama Tei, wa shule watakuja na ruhusa ya mzazi.

Winga_wa_Donholm
Nimekubali, nitacheza meza zote mbili. Lakini huyo kinyozi mwenye Wi-Fi na simu asiwe mchezaji.

Kocha_wa_Umoja
Ameshalipa kiingilio.