Opareta wa kinu cha nyuklia: digrii iwe lazima, au mtihani unatosha?

Mwalimu_Umoja
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linanikereketa tangu Jumapili, mimi na shemeji yangu tulibishana mpaka chai ikapoa. NuPEA, lile shirika la serikali yetu la nishati ya nyuklia, wanataka kinu cha nyuklia, mwanzo tuliambiwa Uyombo kule Kilifi, sasa Siaya ndiyo inatajwa, na 2034 ndio mwaka wa kuwasha. Haya, tuseme kimejengwa. Yule atakayekaa kwenye chumba cha udhibiti usiku wa manane awe nani? Shemeji anasema bila digrii ya uinjinia asikaribie hata geti. Mimi nasema mtihani ukiwa wa kweli unatosha. Marekani opareta wa kawaida halazimishwi digrii. Anasomea kinu chake karibu miaka 2, anaandika mtihani wa maswali 75, anayetaka kuwa opareta mkuu anafanya 100, kupita ni 80 kwa mia, na bado anaingizwa kwenye simuleta, yaani chumba cha kuigiza kinu, mtahini amesimama nyuma yake, wanamharibia mitambo makusudi waone atafanya nini. Leseni ni ya miaka 6 na ni ya kinu hicho tu. Mnaonaje?

Injinia_Rongai
Mwalimu, kwa heshima zote, 80 kwa mia ya maswali 75 ni 60. Yaani mtu amekosa maswali 15 kuhusu kinu cha nyuklia na bado unampa funguo? Hapo ndipo digrii inaingia. Aliyesoma themodainamiki anajua kwa nini maji yanachemka presha ikishuka, hajakariri. Huyo mwingine ni kama dere wa matatu, barabara anaijua lakini gari likikohoa anapigia fundi simu. Na nchi yenyewe ndiyo hii, KCSE ya 2015 ilivuja kama mfereji. Hiyo karatasi ya nyuklia itauzwa Telegram wiki moja kabla.

Dere_111
we injinia hebu simama hapo kwa dere wa matatu. miaka 19 niko kwa usukani. siku moja nashuka kwenda mai mahiu na watu 14, nakanyaga breki pedali inaenda mpaka chini kama nimekanyaga unga. hapo fundi nampigia simu saa ngapi? nikarudisha gia ya tatu, ya pili, injini inalia watu wanalia, hendibreki naivuta kidogo kidogo ndio isifunge tairi, gari nikaisugulisha kwa ukingo wa upande wa mlima mpaka ikasimama. na huo mtihani wa leseni nilifanyiwa kwa bodi na magari ya toi nikaulizwa raundabauti unaingia aje. hakuna mtu alinipima breki zikiisha. kwa hivyo usiniite mfano wako

Injinia_Rongai
Boss sijakutukana, nimetoa mfano tu. Ila umenisaidia, kumbe leseni ulipewa kwa magari ya toi. Ndiyo hofu yangu hiyo.

Dere_111
mfano wa kudharau ni tusi. na leseni ya toi ni mliotunga mtihani mlileta sio mimi

Kasarani_Moja
Dere ana haki hapo. Lakini pia tuseme ukweli, kwa kila dere kama huyu kuna kumi wanatanua barabara ya Thika asubuhi.

Dere_111
sasa tumefika kutanua. haya endeleeni

Bint_Uyombo
Nyinyi mwagawana kazi za kinu hata hakijaletwa. Sisi 2024 polisi walitupiga Uyombo kwa kusema hatukitaki, mamangu mzima alikimbia na leso mkononi. Hamna hata mmoja hapa aliyeuliza wenyeji watasemaje, mwauliza mtihani. Na mukisema sasa ni Siaya ndio mwaona yameisha? Siaya hakuna watu?

Mwalimu_Umoja
Dada pole sana, na sijapuuza. Mada hiyo ni kubwa na inastahili kikao chake. Lakini hata wewe, kikija kwa lazima, si ungetaka kujua aliyekaa pale alipimwaje?

Bint_Uyombo
Ningetaka kisije. Lakini jibu lako nimelisikia.

Injinia_Rongai
Turudi kwa mada. Nawapa ushahidi. 1978 kule Marekani, kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, maopareta wasio na digrii walipunguza maji ya kupoza kinu kwa mikono yao wenyewe, kinu kikayeyuka nusu. Walikuwa na leseni zote hizo mwalimu anazosifu. Mtihani walipita. Nani anabisha?

Mwalimu_Umoja
Ni 1979 injinia, Machi 28, saa kumi alfajiri. Na mfano wako ukiuangalia vizuri unakugeuka, ngoja nikitoka kusahihisha vitabu nije.

Fundi_Boila
Mwalimu wacha nimjibu mimi, maana hili limenigusa. Nimechunga boila Industrial Area miaka 22, kiwanda sitakitaja. Elimu yangu ni fom foo. Boila ina kioo cha maji ubavuni, ile glasi ndefu unaangalia maji yako wapi. Siku ya kwanza mzee aliyenifunza, Mungu amrehemu, aliniambia kioo kinaweza kukudanganya. Kutu ikiziba njia ya chini, glasi inakaa imejaa maji safi unayaona kwa macho yako na ndani ya boila maji yameisha, paipu zinachomeka. Wewe unatazama glasi unatulia.

Sasa Three Mile Island ndiyo hiyo hiyo. Vali ya juu ya tangi la presha ilifunguka ikakwama wazi, maji na mvuke vinatoka. Kwenye ubao kuna taa, taa inaonyesha vali imefungwa. Kumbe taa ile ilikuwa inasema tu kwamba umeme wa kuifungua vali umekatwa, haisemi vali yenyewe iko wapi. Geji ya maji ya lile tangi nayo inapanda badala ya kushuka, kwa sababu ndani ya kinu maji yanageuka mvuke yanasukumwa juu. Vijana walikuwa wamefunzwa miaka mingi, wametoka kwa vinu vya manowari za jeshi la majini, wanaambiwa kila siku usiwahi kuacha tangi lile lijae pomoni. Wakaona linajaa. Wakapunguza maji. Zaidi ya saa 2 ile vali iko wazi hakuna anayejua.

Injinia, hapo themodainamiki ingemwokoa nani kama kioo kinadanganya na hujawahi kufundishwa kwamba kioo kinadanganya?

Injinia_Rongai
Ingemwokoa. Mwenye digrii angeangalia presha na joto pamoja aone maji yanachemka ndani ya kinu. Namba zilikuwepo. Hiyo si boila ya kiwanda cha sabuni mzee.

Fundi_Boila
Sijasema sabuni. Na boila ukiidharau inakuua wewe na jirani.

Kasarani_Moja
Injinia wewe leo umekuja kukanyaga watu. Kwanza dere, sasa mzee wa boila. Nani anafuata, mama mboga?

Injinia_Rongai
Nimejibu hoja! Mtu akisema mtihani unatosha nimwambie ndiyo tu kwa sababu ana miaka 22? Nina watoto wawili, nataka kinu kikiwashwa kiwe na mtu anayeelewa. Mkiniita mwenye dharau sawa, lakini sitanyamaza.

Mwalimu_Umoja
Nimerudi. Injinia uko sahihi kwamba namba zilikuwepo, na Marekani walikusikia kabla hujazaliwa. Baada ya 1979 waliweka kila zamu mshauri mwenye digrii, kazi yake ni kutazama hali nzima bila kushika switchi. Miaka ya 80 wakafikiria kulazimisha digrii kwa maopareta wakuu, mwisho hawakulazimisha. Walichokishika kwa nguvu ni simuleta, kwa sababu tume iliyochunguza ajali ilikuta simuleta waliyofunziwa wale vijana haikuwa imepangwa kuonyesha hali kama ile iliyowakuta. Yaani walipimwa kwa bodi ya magari ya toi, kama Dere alivyosema. Siku hizi opareta anarudishwa kwenye simuleta kupimwa kila mwaka, na ule wa kuandika haipiti miaka 2.

Na hilo la kuvuja. Mimi nasimamia mitihani, limeniuma ulivyolisema lakini si uongo. Kule kila aliyeona maswali kabla anatia sahihi kwamba hatawafundisha wala kuwadokeza wanaofanya mtihani huo. Sahihi ni karatasi tu, najua. Lakini swali la simuleta utalivujisha vipi? Ukimwambia mtu vali itakwama, bado lazima aione kwenye geji kumi na tano zinazolia pamoja, amwambie mwenzake, mwenzake arudie alichosikia, ndipo washike. Huwezi kukariri mikono yako.

Dere_111
hapo kwa kurudia ndio makanga wangu. akigonga mara mbili na mimi sijasikia vizuri siendi. nangoja agonge tena

Kasarani_Moja
Na nani atawapima wa kwanza? Hatuna aliyewahi kuendesha. Afrika nzima kituo cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi ni Koeberg ya Afrika Kusini peke yake, Misri bado wanajenga. Mtahini wetu atakuwa amepimwa na nani?

Mwalimu_Umoja
Hilo sina jibu la haraka. KNRA, mamlaka ya Kenya ya kudhibiti nyuklia, ndio wa kusimamia usalama kwa sheria ya 2019, lakini mtahini hazaliwi na sheria. Emirati walijaza kituo chao cha nyuklia cha Barakah wageni kwanza, Wakorea na wengine, huku wanakuza wao.

Injinia_Rongai
Kwa hivyo tunakubaliana kwamba asiyewahi kushika hawezi kupima. Haya. Fundi_Boila, nilikujibu vibaya ile ya sabuni, samahani mzee wangu. Nauliza kwa kutaka kujua, hicho kioo kikidanganya ulikuwa unajuaje? Chuoni tulichora boila, hatukuigusa.

Fundi_Boila
Yameisha kijana wangu. Hungoji udanganywe, unakipima kila ukiingia zamu hata kama mwenzako ameapa kiko sawa. Koki ziko tatu, ya mvuke juu, ya maji chini, na ya kumwaga. Funga ya juu na ya chini, fungua ya kumwaga, glasi inabaki tupu. Fungua ya maji peke yake, maji lazima yaruke kwa nguvu, yakitoka kwa kusitasita njia imeziba. Ifunge. Fungua ya mvuke peke yake, mvuke upige. Ifunge. Halafu funga ya kumwaga, fungua ya maji, yapande mpaka juu kabisa ya glasi. Mwisho fungua ya mvuke, yashuke yenyewe mpaka kiwango chake, na yashuke upesi. Yakizubaa kushuka, usiamini hiyo glasi, zima moto kwanza ndio uite mtu. Na simama kando, usisimame mbele yake, glasi hupasuka.