Laptopu mpya ya bei nafuu au iliyotumika ofisini: ipi itanifaa kwa miaka minne?

Swali

Habari zenu. Ninaanza masomo ya uzamili katika takwimu, na kompyuta niliyo nayo imechoka kiasi kwamba nikifungua faili la data pamoja na kivinjari, vyote viwili huganda. Bajeti yangu ni finyu na haiwezi kuongezeka, hivyo naomba ushauri kabla sijafanya malipo. Kazi zangu ni kuandika tasnifu, kuchambua data kwa R (programu ya takwimu) na kwa majedwali, kusoma makala mtandaoni nikiwa nimefungua kurasa nyingi, na kuhudhuria mikutano ya video. Sichezi michezo ya kompyuta wala sihariri filamu.

Nimepata machaguo matatu ambayo bei zake zinakaribiana. La kwanza ni laptopu mpya kabisa yenye prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64. La pili ni ThinkPad T480 iliyotumika ofisini, yenye prosesa ya Core i5-8250U, RAM ya GB 8 na hifadhi ya SSD ya GB 256. La tatu ni ThinkPad T470, nayo imetumika, yenye Core i7-7600U, RAM ya GB 16 na SSD ya GB 512, na ndiyo iliyo nafuu kidogo kuliko ya pili. Muuzaji anasisitiza kwamba i7 haiwezi kulinganishwa na i5, na kwa mtu kama mimi nisiye fundi, namba za mashine hiyo ya tatu zinaonekana kubwa kila upande. Hata hivyo, ile mpya inanivutia kwa sababu ina dhamana. Nichukue ipi?

Jibu la kwanza

Hiyo mpya iondoe kwenye orodha mapema, kwa sababu kazi uliyoitaja ndiyo hasa itakayoishinda. R huipakia data yote kwenye RAM kabla ya kuanza kuichambua, na Windows 11 yenyewe, pamoja na kivinjari chenye kurasa kadhaa, itakuwa imekwisha kula sehemu kubwa ya hizo GB 4 kabla hujagusa faili lako. RAM inapojaa, mfumo huanza kuhamishia mambo kwenye hifadhi, na kwa kuwa eMMC ni ya polepole kuliko SSD, kila kitu kitakwama hapo. Isitoshe, GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa ili Windows 11 iwekwe, kwa hiyo baada ya masasisho machache utabaki unafuta mafaili ili mfumo upate nafasi ya kupumua. Katika laptopu nyingi za daraja hilo, RAM na eMMC huwa vimechomelewa kwenye ubao mkuu, na hakuna fundi atakayekuongezea kitu baadaye. Dhamana itakurudishia mashine iliyoharibika, lakini mashine iliyo dhaifu tangu kiwandani haina pa kudaiwa.

Kuhusu i7 na i5, muuzaji anakusomea nusu ya jina. Tazama namba inayokuja baada ya kistari: 7600U ni ya kizazi cha 7, na 8250U ni ya kizazi cha 8. Kati ya vizazi hivyo viwili, Intel, watengenezaji wa prosesa hizo, waliongeza viini (sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) vya prosesa za kawaida za laptopu za namna hii kutoka 2 hadi 4, ndiyo maana hiyo i5 ina viini 4 ilhali hiyo i7 ina 2 tu. Lililo zito zaidi ni kwamba i7-7600U haimo katika orodha ya prosesa zinazokubalika rasmi kwa Windows 11, na Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Njia za kulazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine hiyo zipo, lakini sioni busara ya kuitegemeza tasnifu ya miaka kadhaa juu ya ujanja wa aina hiyo. Chukua T480.

Jibu la pili

T480 ni chaguo zuri, ila hoja ya viini imekuzwa mno kwa mtu anayetumia R. Kwa kawaida R hufanya hesabu zake kwa kiini kimoja tu, isipokuwa umeiandikia programu inayogawa kazi au unatumia vifurushi vilivyoundwa kwa ajili hiyo. Kwa kiini kimoja, i7-7600U inaweza kupanda hadi GHz 3.9, wakati i5-8250U inaishia GHz 3.4, hivyo katika hesabu fupi ile ya zamani haitaaibika hata kidogo. Utaihisi tofauti ya viini pale utakapokuwa kwenye mkutano wa video huku hesabu ikiendelea nyuma na kivinjari kimejaa kurasa. Na kwa uchambuzi wa data, RAM ya GB 16 ni utajiri ambao mwenzangu hapo juu ameupita kimya.

Kwa hiyo ningekuuliza kwanza: uko tayari kutumia Linux, yaani mfumo endeshi wa bure badala ya Windows? Kama jibu ni ndiyo, T470 inageuka kuwa ndiyo nafuu ya kweli, kwa sababu Linux Mint au Ubuntu haijali orodha ya Microsoft, na R, RStudio na LibreOffice zote hufanya kazi humo bila malipo. Lakini kama msimamizi wako anarudisha sura za tasnifu zikiwa na maoni ya pembeni katika Word, au idara yako inatumia programu inayotaka Windows, usijitese.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote wawili. Kwa bahati mbaya idara yetu inatumia programu ya Windows kwa baadhi ya kozi, na msimamizi ni mtu wa Word, kwa hiyo Linux itanisumbua. Nimeegemea T480. Wasiwasi wangu ni kama GB 8 zitatosha, na sijui nikague nini kabla ya kukabidhi fedha.

Jibu la tatu

GB 8 zinatosha kuanzia, na uzuri wa T480 ni kwamba ina nafasi mbili za RAM, zote za kuchomeka. Muulize muuzaji kama hizo GB 8 ni kipande kimoja au viwili vya GB 4. Kikiwa kimoja, siku utakapopata fedha utaongeza kingine cha aina ya DDR4 cha GB 8 bila kutupa ulicho nacho, na vipande viwili vinavyofanya kazi sambamba huharakisha pia mambo ya picha. Angalia jina vizuri, maana T480s ni mashine nyingine: sehemu ya RAM yake imechomelewa na imebakiwa na nafasi moja tu.

Washa kioo na utazame ubora wake. T480 nyingine zilitoka kiwandani na kioo cha TN cha 1366 × 768, ambacho rangi hupauka ukikitazama kutoka pembeni na majedwali mapana hayaenei. Tafuta yenye kioo cha IPS cha 1920 × 1080, kwa sababu utakikodolea macho kwa saa nyingi.

Betri ni mbili, moja ya ndani na moja ya nje inayochomolewa. Fungua Command Prompt uandike `powercfg /batteryreport`, kisha ufungue ripoti itakayoundwa na ulinganishe, kwa kila betri, uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo inaofikia sasa ikijaa. Ya nje ikiwa imechoka si kikwazo, kwani hubadilishwa bila hata bisibisi, lakini itumie kupunguza bei. Afya ya SSD utaiona kwa programu ya CrystalDiskInfo. Kibodi na bawaba vijaribu kwa mkono tu.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kufuli za ofisi ya zamani. Omba mashine irudishwe katika hali ya kiwandani mbele yako, iunganishwe na intaneti, kisha uanze kuisajili: ikikuletea jina la kampuni na kutaka anwani ya mfanyakazi, bado imeandikishwa kwa wenyewe, na hata ukiifuta hali hiyo itarudi. Baada ya hapo iwashe tena ukibonyeza F1 uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikiomba nenosiri la msimamizi, muuzaji aliondoe papo hapo, kwa sababu katika ThinkPad nenosiri hilo likipotea njia rasmi ya Lenovo ni kubadilisha ubao mkuu. Asipoweza, usilipe. Kompyuta za ofisini huuzwa kwa mafungu, na huenda anayo nyingine ya aina hiyohiyo isiyo na kufuli.