Tupeane uzoefu: Wi-Fi ya nyumbani, kuifunga na kutafuta inaposumbua

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa wanaofunga na kurekebisha Wi-Fi za majumbani. Leteni vipimo na hatua, visa vya nani alifanya nini tuviache.

Naanza na kupima. Mtu akisema mtandao unasuasua, usiguse setingi hata moja kabla hujajua ugonjwa uko upande gani: kati ya kifaa na ruta, au kati ya ruta na mtoa huduma. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, soma namba iliyo mbele ya Default Gateway, ndiyo anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Andika ping (amri inayopima muda jibu linachukua kurudi), nafasi, namba hiyo, kisha -t, uache iende dakika mbili. Majibu ya milisekunde 1 hadi 5 bila kupotea hata moja, Wi-Fi ni nzima. Yakirukaruka 3, 90, 250 na mengine hayarudi kabisa, tatizo liko ndani ya nyumba na kumpigia mtoa huduma ni kupoteza muda wa wote wawili.

Ruta ikijibu vizuri, ping 1.1.1.1, anwani iliyo nje kwenye intaneti. Ikijibu hiyo lakini tovuti hazifunguki, ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye setingi za DHCP (inayogawia vifaa anwani) za ruta yenyewe, usizunguke na simu moja moja. Isipojibu, chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta urudie. Kwa waya pia haijibu? Sasa piga simu.

Antena Mbili
Naongezea nguvu ya mawimbi, maana vijiti kwenye skrini ya simu vinadanganya, kila kampuni inavichora kivyake. Tumia programu inayoonyesha dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Namba ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. -50 ni safi sana. -67 bado inabeba simu ya video bila kukwama. -75 utafungua ujumbe na si zaidi, -80 hesabu kama hakuna. Kila desibeli 3 zikishuka, nguvu imepungua nusu, kwa hiyo tofauti ya -67 na -73 si ndogo kama inavyoonekana.

Ruta iwekwe katikati ya nyumba, mita 1.5 hadi 2 kutoka sakafuni, nje ya kabati. Vinavyomeza mawimbi: zege lenye nondo, kioo kikubwa cha kujitazama, tangi la maji, friji. Antena zikisimama wima, mawimbi hutanda pembeni kama tairi lililolazwa. Juu na chini yake ni hafifu. Nyumba ya ghorofa, laza antena moja.

Bisibisi
Chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa ya Wi-Fi. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 tu, upana MHz 20. Wengi hupima, wanaona chaneli ya 3 haina mtu, wanahamia huko. Kosa. Chaneli zinapishana MHz 5 tu ilhali ishara moja ina upana wa karibu MHz 20, hivyo ukikaa 3 unagongana na walio kwenye 1 na walio kwenye 6. Walio chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Aliyepishana nao nusunusu ni kelele tu. Bora kukaa 6 na jirani mmoja kuliko 3 peke yako.

Kwenye masafa ya 5 GHz weka chaneli 36 hadi 48, upana MHz 80. Wi-Fi ya 5 GHz ikipotea ghafla kisha ikarudi baada ya dakika moja hivi, angalia kama ruta imejichagulia chaneli kati ya 52 na 144. Hizo zinatumiwa pia na rada. Ruta lazima isikilize sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikihisi rada inahama na haitakiwi kurudi pale kwa dakika 30. Ikihisi vibaya, matokeo ni yaleyale.

Na diski ya nje ya USB 3.0 usiiweke kando ya ruta. Waya wake unatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, na wengi wanalaumu tanuri ya maikrowevu bure (ingawa nayo ikiwa kazini hutoa kelele kweli).

Koleo
Chumba cha mwisho hakishiki, weka ripita (kifaa cha kupokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya), yamekwisha.

Waya Nane
Mkuu Koleo, hayajaisha. Ripita yenye redio moja inapokea na kurusha kwa zamu, kasi inakatika karibu nusu. Halafu watu huichomeka pale pale mawimbi yalipokufa, itarudia nini? Kama ni lazima, iweke ambapo ruta bado inasoma -60 hadi -65.

Ukiwa na ruta ya zamani na waya, fanya hivi. Iunganishe na kompyuta ikiwa peke yake. Ipe anwani 192.168.1.2 kama ruta kubwa (inayoleta intaneti) ni 192.168.1.1, na uhakikishe hiyo .2 haimo kwenye zile anwani ambazo ruta kubwa inagawa. Zima DHCP. Weka jina la Wi-Fi, nenosiri na aina ya ulinzi sawa na kubwa, ila chaneli tofauti. Kisha waya kutoka tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) la kubwa hadi tundu la LAN la ile ya zamani, si WAN (la kuingiza intaneti). Ukichomeka WAN unapata mitandao miwili iliyofungiana, na printa ya upande mmoja haitaonekana upande wa pili. Ukisahau kuzima DHCP ni balaa zaidi: ruta mbili zinagawa anwani, simu hii inapata mtandao, ile haipati, na kesho zinabadilishana.

Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unatosha, Gbps 1 hadi mita 100. Mpangilio wa rangi kwa pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue misokoto zaidi ya milimita 13 kichwani. Muunganisho ukisoma Mbps 100 badala ya 1000, usibadilishe ruta. Gbps 1 inahitaji jozi zote nne, Mbps 100 inatumia mbili tu (pini 1, 2, 3 na 6), kwa hiyo jozi ya bluu au kahawia haijashika. Kata kichwa, bana upya.

Koleo
Nimekusoma mkuu, ya waya sina ubishi. Swali: kifaa kinasema kimeunganishwa lakini hakuna intaneti, na anwani yake inaanza na 169.254?

Mwanzisha uzi
Hiyo ni anwani ambayo kifaa kimejipa baada ya kuomba kwa DHCP na kukosa jibu. Aidha DHCP imezimwa, au anwani zimekwisha. Ukikuta ruta inagawa .100 hadi .149, hizo ni 50 tu. Simu za sasa zinaweza kubuni anwani ya MAC (namba ya utambulisho wa kifaa), na simu ileile inaweza kuhesabiwa mara mbili au tatu. Panua iwe .50 hadi .250, na muda wa kukodisha anwani ushushe toka saa 24 hadi saa 4 kama wageni ni wengi. Kwa sababu hiyohiyo, kuzuia watu kwa orodha ya MAC siku hizi ni kujichosha.

Bisibisi
Ulinzi basi. Kwenye aina ya ulinzi wa Wi-Fi chagua WPA2/WPA3 mchanganyiko. Kamera au balbu ya zamani ikikataa kuingia, ipe mtandao wa wageni wa 2.4 GHz wenye WPA2 na usimbaji wa AES pekee. Ukikuta imewekwa TKIP, usimbaji wa zamani, itoe mara moja: pamoja na udhaifu wake wa ulinzi, inafunga kasi kwenye Mbps 54 hata ruta iwe mpya namna gani. WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri) zima. Namba yake ya siri ina tarakimu 8 lakini inahakikiwa nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuifungua.

Antena Mbili
Kabla ya yote hayo, adapta ya umeme ya ruta! Fungua ukurasa wa ruta, tafuta Uptime, muda tangu ilipowashwa. Ikisoma dakika 12 na hakuna aliyeizima, inajiwasha upya yenyewe. Adapta mbadala iwe na volti zilezile zilizoandikwa chini ya ruta (12 V ni 12 V, si 9), ampea sawa au zaidi, na ncha ya katikati iwe chanya au hasi kama mchoro unavyoonyesha. Adapta iliyochoka huiwasha ruta vizuri tu, ila kazi ikizidi inashindwa.

Koleo
La mwisho. Wi-Fi -48, kasi iliyolipiwa inafika, lakini mtu mmoja akipandisha video, wengine wote wanaganda.

Waya Nane
Foleni imejaa kwenye njia ya kupandisha. Hakikisha hivi: acha ping 1.1.1.1 -t ikienda, kisha pandisha faili kubwa. Ikitoka 20 ikapanda 400, ndiyo hiyo. Kwenye ruta tafuta QoS au SQM (setingi za kupanga foleni), pima kasi mtandao ukiwa hautumiki, weka 85% ya uliyopata, kushusha na kupandisha kila moja kivyake. Rudia jaribio. Ping ikibaki karibu na 20, ongeza 5% kwa 5% mpaka ianze kupanda, halafu rudi hatua moja.