Pesa za wawekezaji: kijana wa Mombasa azichukue au aziache?

Alhamisi baada ya Alasiri kijana mmoja aliniingilia ofisini hapa Mwembe Tayari, karatasi kaikumbatia kifuani kama hati ya shamba. Ana kampuni ya miaka miwili. Wavuvi wa Likoni na Mtwapa humpigia simu kabla ngalawa hazijagusa mchanga, yeye hutuma pikipiki zenye makasha ya barafu, na kabla ya saa nne nguru na changu wako jikoni kwenye mahoteli ya Nyali. Mwekezaji wa nje anataka kumpa shilingi milioni 20 kwa asilimia 20 ya kampuni. Alichotaka kwangu ni nimhakikishie hesabu tu. Nikamwambia asitie saini. Akaondoka bila kumaliza chai, na usiku mamake akanipigia simu kuniuliza kwa nini namzibia mwanawe riziki.

Swali la mama yule limeninyima usingizi, basi nalileta kwenu. Msimamo wangu ni huu: biashara nyingi za hapa kwetu hazifai kuchukua mtaji wa ubia wa namna hii. Wawekezaji si wezi. Ila pesa zao zina kazi yake, na kazi hiyo si kukuza biashara nzuri ya kawaida.

Aliyekuja na hundi kwa kawaida si mwenye pesa. Mfuko wa uwekezaji anaousimamia hukusanya pesa kwa mifuko ya pensheni, vyuo vikuu na matajiri, ukiahidi kuzirudisha na faida ndani ya miaka kama 10. Wasimamizi huchukua takriban asilimia 2 ya mfuko kila mwaka kwa kazi yao, na faida ikipatikana asilimia 20 ni yao. Wanajua tangu mwanzo kwamba kampuni nyingi watakazotia pesa zitakufa au zitasuasua, na moja au mbili ndizo zitakazolipia zote. Mwaka 1957 kampuni ya uwekezaji ya Georges Doriot kule Boston ilitia dola 70,000 katika Digital Equipment Corporation, kampuni ya kompyuta. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hisa zile zilikuwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Kila mfuko tangu hapo unatafuta Digital yake.

Sasa tumrudie kijana wa samaki. Chukua mfuko wa dola milioni 50 unaotaka kurudisha mara tatu, yaani milioni 150. Kampuni yake ikikua hadi ikauzwa dola milioni 10, ukoo mzima umeondokana na shida. Lakini mwekezaji aliyebaki na asilimia 15, baada ya wawekezaji wapya kupunguza fungu lake, anapata milioni moja na nusu, na kwa mfuko ule hicho ni kibaba kwenye ghala. Kwa hiyo hatamwacha atulie. Atamsukuma afungue Dar es Salaam na Kampala kabla hajaimaliza Kilifi, na kwa kuwa ana kiti kwenye bodi, neno lake halipuuzwi.

Kilichonitia hofu zaidi ni kifungu kimoja kwenye ukurasa wa saba, haki ya mwekezaji kulipwa kwanza. Tuseme baada ya duru mbili tatu wawekezaji wametia shilingi milioni 60 na wana asilimia 40, kisha kampuni ikauzwa milioni 70. Kijana atajihesabia asilimia 60, milioni 42. Sivyo. Wawekezaji wanatoa milioni 60 zao kwanza, halafu yeye na wenzake wanagawana milioni 10 zilizobaki. Nilipomwonyesha, alikisoma kifungu mara tatu, kidole juu ya mstari, midomo ikitembea. Hakuwa amekiona.

Niambieni nilipokosea.

*Kutoka Majengo:*
Kaka mhasibu, hesabu zako siziteti, lakini umesahau tunapoishi. Marehemu baba alijenga nyumba ya vyumba sita, ukuta wake, mabati yake, ila kiwanja ni cha mwingine, na mpaka leo tunalipa kodi ya ardhi. Nyumba bila ardhi. Nilipotaka mkopo wa cherehani za kiwanda changu, afisa wa benki aliuliza hati, nikamwonyesha stakabadhi za kodi, akazirudisha mezani kwa ncha za vidole. Sasa unamwambia kijana asichukue ya mwekezaji, achukue ya nani? Chama chetu kinatosha kununua friza, hakinunui gari la barafu. Halafu benki ukifilisika inakufuata hadi kitandani. Mwekezaji biashara ikifa anapoteza na wewe. Wenye hati ndio wenye nafasi ya kuchagua.

*Kutoka Mji wa Kale:*
Dada amesema kweli, nami naongeza la dini. Kushirikiana mtaji si kugeni kwetu. Kwenye mudharaba mmoja hutoa mali na mwingine kazi, faida hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana, na mali ikipotea bila uzembe wa mfanyakazi hasara ni ya mwenye mali. Kwa hiyo hisa zenyewe sina neno nazo, ni afadhali kuliko riba. Penye neno ni hicho kifungu cha ukurasa wa saba. Mshirika anayejihakikishia mtaji wake urudi kabla ya mwenzake kuonja, huo ni ushirika wa aina gani? Waulizwe wanazuoni kabla ya wino kukauka.

*Kutoka Kisauni:*
Copia, kampuni ya Kenya ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, na mwaka 2024 ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Pesa nyingi hazikuiokoa. Lakini M-Pesa ya 2007 nayo ilianza kwa pesa za nje, na leo nani anaweza kuishi bila hiyo?

*Mwanzilishi wa mada:*
Ndugu wa Kisauni, M-Pesa ilianza kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza pamoja na pesa za Vodafone. Ruzuku haidai hisa, na nyuma yake palikuwa na kampuni kubwa iliyoweza kusubiri. Hilo si jambo moja na hili.

Dada wa Majengo, umenikamata. Niliongea kama mtu mwenye hati, na kweli ninayo. Kumwambia kijana "usitie saini" bila kumwonyesha mlango mwingine lilikuwa kosa, na nimempigia mamake nikamwambia hivyo. Bado nasema asisaini karatasi ile kama ilivyo. Milioni 20 ni nyingi kuliko anachohitaji. Magari mawili ya barafu na mshahara wa mwaka wa watu wanne havifiki milioni 12, na kila shilingi ya ziada anailipia kwa hisa. Achukue kidogo, na kifungu cha kulipwa kwanza aombe kifutwe, au kife kampuni ikifikia faida walizokubaliana.

Amekubali kurudi Jumatatu, na mwekezaji anataka jibu kufikia Ijumaa. Kama kuna aliyewahi kukiondoa kifungu hicho kwenye mkataba wake, aandike hapa alimwambia nini mwekezaji, na akakubaliwa kwa sharti gani.