Maji yameganda ndani ya ukuta: nisubiri, nitoboe, au niite fundi?

MamaZuu: Jamani, niko Minneapolis, Marekani, usiku nje ilishuka hadi -27. Sinki la jikoni halitoi hata tone, lakini bafuni maji yanatoka vizuri. Sinki liko ukuta wa nje. Nipandishe hita nisubiri, nitoboe jipsamu, au niite fundi bomba? Nyumba ni yangu, si ya kupanga.

Chidi_bomba: Pole dada. Kabla ya yote, hakikisha koki kuu inafungika. Paipu ikiwa imepasuka hutajua sasa, barafu imeziba; utajua ikiyeyuka. Halafu fungua bomba la sinki, la moto na la baridi. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na kinachopasua paipu mara nyingi ni maji yaliyobanwa kati ya barafu na bomba lililofungwa. Ukimaliza hapo, anza na njia ya bure: kabati la chini ya sinki wazi, joto la nyumba juu.

Kaka_Edmonton: Kusubiri kunategemea sufi ya ukutani, ile ya kuzuia baridi, iko wapi. Kwangu waliojenga waliiweka kati ya paipu na chumba, kwa hiyo joto la ndani halikufika kabisa. Hita iliunguruma kutwa, bili tu. Nilipokata jipsamu na kupuliza kwa drya ya nywele, maji yakaja. Kiraka cha jipsamu ni rahisi kuliko ukuta uliolowa.

Mtu_wa_Pwani: Si upitishe tochi ya gesi tu, dakika mbili?

Chidi_bomba: Usithubutu! Mle ndani kuna mbao kavu, na moto ukishika nyuma ya jipsamu unauona ukiwa umeshafika darini. Fundi naye, kuna wenye mashine ya kupitisha umeme kwenye paipu, ila ni kwa chuma na shaba tu. Za plastiki haifanyi kazi. Muulize kabla hajatoka kwake, maana hata kufika tu anatoza.

MamaZuu: Zangu plastiki. Nimekata nyuma ya kabati, nikapuliza nikianzia upande wa bomba. Yalianza kukohoakohoa, sasa yanatiririka, na pakavu. Nizibe?

Kaka_Edmonton: Usizibe kwanza, joto la chumba liingie hadi baridi ipungue. Na usiku acha yatiririke uzi mwembamba, mabomba yote mawili.