Augusta Savage: mbona sanamu zake ni chache hivi?

Chetezo:
Wadau, nimeanza kufinyanga vichwa vya watu, na siku hizi namsoma Augusta Savage, yule mfinyanzi wa sanamu, Mmarekani mweusi. Mama huyu kafundisha kina Jacob Lawrence, mchoraji maarufu, na mwaka 1937 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Harlem Community Art Center, kituo cha sanaa cha mtaa wa Harlem, New York. Ila nikitafuta kazi zake naona zilezile chache. Nyingine zimekwenda wapi?

Fundi Kalibu:
Plasta, ndugu yangu, ule unga mweupe wa jasi unaokorogwa na maji ukaganda: huvunjika upesi. Mimi kazi yangu ni kutoa kalibu, yaani umbo la kumiminia sanamu, hivyo habari zake zinanichoma. Unafinyanga udongo, unauvika kalibu, unamimina plasta. Mwenye pesa anaendelea hadi kwenye shaba, asiye nazo anaishia hapo. Na plasta ukiigusisha tu kwenye kizingiti, pua haipo. Masikio niliyopoteza mimi, wacha tu!

Ile "Gamin" yake, kijana wa kofia ya upande na shati lililokunjamana, inayoonyeshwa sana ni plasta iliyopakwa rangi. Ndiyo iliyompa ufadhili wa masomo wa mfuko wa Rosenwald mwaka 1929 akaenda Paris. Ufaransa hiyohiyo, mwaka 1923, shule ya kiangazi ya Fontainebleau ilimnyima nafasi kwa weusi wake.

Sasa kubwa lao, "The Harp", ya Maonyesho ya Dunia ya New York 1939. Kinubi cha karibu meta 5: nyuzi zake ni waimbaji 12 waliopangwa mrefu hadi mfupi, kanzu zimeshuka kwa mikunjo iliyonyooka, na chini mkono wa Mungu umewabeba. Plasta tena! Maonyesho yalipokwisha hapakuwa na pesa ya kuimimina kwa shaba wala pa kuiweka. Ikabomolewa.

Chetezo:
Duh. Haikubaki hata kipande?

Fundi Kalibu:
Kuna picha, na vinakala vidogo vya madini vilivyouzwa kama kumbukumbu.

Bi Mfinyanzi:
Mmeanzia katikati. Alizaliwa 1892 Green Cove Springs, Florida, kwenye udongo mwekundu wa matofali. Akifinyanga bata, baba yake mchungaji anamchapa, eti sanamu za kuabudu. Siku alipomfinyanga Bikira Maria, mzee akalegea.

Chetezo:
Haha, mzee kapatikana! Asanteni. Kichwa changu kipo dirishani kinakauka, wiki ijayo nakivika kalibu.

Fundi Kalibu:
Kitoe dirishani leo hii! Udongo huvikwa ukiwa mbichi. Kifunike kwa kitambaa chenye maji. Na plasta, tangulize maji, nyunyizia unga mpaka visiwa vibaki juu, ndipo ukoroge.