Mjadala: Dante alichota kwenye Miraji?

MLETA MADA: Wakuu, mwaka 1919 padri wa Kihispania aliyebobea katika Kiarabu, Miguel Asín Palacios, alidai kuwa Dante, mshairi wa Firenze huko Italia, aliyetunga safari yake ya Jehanamu, Toharani na Peponi, alifuata nyayo za masimulizi ya Miraji, yaani safari ya Mtume Muhammad (s.a.w.) kupaa mbinguni. Wengi Italia walichachamaa: Dante hakujua Kiarabu, angeyasomea wapi? Mwaka 1949 Enrico Cerulli na José Muñoz Sendino, kila mmoja kivyake, wakachapisha Kitabu cha Ngazi. Ni masimulizi ya Miraji ambayo tabibu Myahudi, Abraham, aliyatafsiri kwa Kikastilia kwa amri ya Alfonso X, mfalme wa Kastilia huko Hispania, kisha Bonaventura wa Siena akayatia katika Kilatini mnamo 1264. Dante alizaliwa 1265. Na Brunetto Latini, ambaye Dante anamtaja kama mwalimu wake, alitumwa kwa Alfonso huyohuyo mwaka 1260. Mimi nasema aliijua Miraji, na ni haki isemwe waziwazi.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, tarehe zako zinakupinga. Brunetto alitumwa 1260, Kilatini kikaja baadaye! Halafu Wakristo walikuwa na maono yao tele. Mwaka 1149 hivi mmonaki Marcus, kule Regensburg, aliandika maono ya Tnugdalus, askari wa Ireland ambaye roho yake iliongozwa na malaika kuzimu. Huko akalazimishwa kuvuka daraja jembamba lenye misumari huku akimswaga ng'ombe aliyemwiba duniani. Adhabu inayofanana na dhambi, miaka zaidi ya 100 kabla ya Dante kuzaliwa. Na usiniambie daraja hilo ni Sirati, lile daraja la Waislamu linalopita juu ya Jehanamu. Papa Gregori Mkuu alisimulia daraja la majaribio la wafu mwishoni mwa karne ya 6, kabla Mtume hajapata wahyi.

MCHANGIAJI WA PILI: Assalaam alaykum. Sisi wa pwani tuliokua tukisikia Miraji ikisomwa kila mwezi wa Rajabu tunaona mfanano upesi: kiongozi anayefafanua kila adhabu, mbingu baada ya mbingu. Lakini kwenye Miraji Mtume (s.a.w.) anakutana na Mitume wenzake, kuanzia Nabii Adam. Dante anakutana na watu wa mji wake, anawataja majina, anagombana nao kuhusu siasa za Firenze, wengine anawalilia. Hilo silioni kwenye Miraji. Kwangu mimi hapo ndipo penye Dante mwenyewe, na ninyi nyote mmepapita.

MLETA MADA: Nakubali kuhusu Brunetto, ndugu yangu, safari yake pekee haithibitishi kitu. Ila Fazio degli Uberti, mshairi wa ukoo wa Kitoskana, alikitaja kitabu hicho cha Ngazi katika karne ya 14, miongo michache tu baada ya Dante kufariki 1321. Kwa hiyo kilijulikana kwa washairi wa Kiitalia. Anayesema hakikumfikia Dante, msomaji wa kila kitu, naye atupe sababu zake.